Wali wa Fundi Rangi

"Nikabidhini hawa watoto miezi mitatu, mama yao asiguse hata mwiko, mkirudi mtawakuta mashavu yamewaziba macho."

Maneno hayo aliyasema shemeji yangu, mume wa dada yangu, kwenye sherehe ya kufunga muhula pale shule ya chekechea, mbele ya wazazi wote, akiwa ameshika kipaza sauti ambacho hakuna mtu aliyempa. Mwalimu alikuwa amekiweka juu ya kiti akaenda kuwapanga watoto wa kuimba. Shemeji akakiona kiko peke yake, akakionea huruma. Wazazi wakapiga makofi, maana kwenye sherehe za watoto watu hupigia makofi chochote, hata spika ikikoroma. Mama yangu mzazi, yaani mama mkwe wake, alikuwa safu ya mbele. Yeye hakupiga makofi. Alifungua mkoba, akatoa pipi ya kikohozi, akaimenya taratibu huku akimtazama mkwewe kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia ukumbini.

Majigambo yale yalikuwa na sababu. Dada yangu anashona sare kiwandani, na alikuwa amechaguliwa kwenda mji mwingine kwa mafunzo ya miezi mitatu, arudi akiwa msimamizi wa chumba kizima cha cherehani. Swali lililobaki lilikuwa moja tu: watoto watakaa na nani? Shemeji alisema watakaa na baba yao, kwenye nyumba yao, kwenye vitanda vyao. Mama alisema watakwenda kwake. Na hapo shemeji alikuwa na hofu ambayo hata mimi nisiyempenda sikuweza kuicheka. Mama akishachukua mjukuu harudishi. Watoto wa dada yetu mkubwa walikwenda kwake likizo moja tu, wakiwa wa kubebwa mgongoni. Leo wana ndevu, bado wako huko, na mama yao akienda kuwaona wanamwekea soda kwenye sinia kama mgeni wa heshima.

Nimeandika "nisiyempenda" na sifuti.

Shemeji ni fundi wa kupuliza rangi ya magari. Kazi anaijua, hilo nalikubali shingo upande. Gari linaingia gereji limekunjamana kama shati la mlevi; wenzake wakishaligonga na kulinyoosha, yeye analijaza puti, analipiga msasa, analipuliza, na mwenyewe akija kulichukua anasimama kwanza mlangoni kuchana nywele. Ndiyo maana mtaani wanamwita Kioo, na jina hilo limempanda kichwani likajenga huko. Akiwa anapuliza hujifunga usoni mkono wa fulana ya zamani, na jasho likizidi anautupa. Barakoa ya maana, ile yenye vichujio, ipo gerejini imetundikwa ukutani. Tajiri aliinunua ili wakaguzi wakija waione.

Kwa kuwa dada yangu mara nyingi alikuwa zamu ya jioni, kupika kuliangukia kwa shemeji, naye hakupika kama watu. Alipika kama anavyopuliza gari: koti la kwanza, anasubiri, koti la pili, anasubiri, koti la tatu. Kitunguu saumu koti tatu. Pilipili manga koti tatu. Anaonja, anatazama dari, anatikisa kichwa.

"Bado haijashika," anasema, na kijiko kinarudi kwenye kopo.

Walaji walikuwa wawili. Mkubwa ni binti aliyekuwa darasa la mwisho pale chekechea, anayeitwa Bibi Afya kwa sababu hali kitu kabla ya kukikagua: anakigeuza, anakipasua, anaangalia ndani, ndipo anatoa kibali. Mdogo ni wa kiume, bado analala mchana, jina lake la nyumbani ni Tonge. Usidhani anakula sana. Tonge alikuwa na kipaji cha kuficha chakula shavuni. Unamlisha saa kumi na mbili, anaogeshwa, anavalishwa, na tonge bado limekaa mle ndani kama mpangaji. Siku moja alilitoa nyumbani kwa jirani, juu ya mto mpya wa kochi, akalifunika vizuri na kitambaa.

"Baba, hii ina nini?" Bibi Afya aliuliza jioni moja, uma umesimama hewani.

"Ina upendo. Kula."

"Inawasha."

"Upendo wa kweli unawasha. Kula."

"Na hapa chini nyeusi?"

"Hiyo ni rangi ya nyama."

"Ni viazi, baba."

Ikawa vita. Mtoto hashuki kwenye kiti mpaka sahani iwe nyeupe. Basi sahani haikuwa nyeupe, na watoto wakawa wanasinzia mezani, mmoja kidevu kwenye meza, mwingine shavu limevimba. Baba yao anazunguka na mwiko mkononi akihutubia kuhusu watoto wa siku hizi. Mimi nilikuwa nalala sebuleni kwao, kwa hiyo viti vya mbele vilikuwa vyangu.

"Shemeji, kitunguu saumu kimezidi," nilimwambia.

"Wewe uliacha chuo muhula wa ngapi vile?"

"Wa tatu."

"Basi hata hapa koma hapohapo. Nusu Diploma anakuja kunifundisha mimi sufuria."

Siku maharage yalipoungua, jirani alikuja kugonga mlango akidhani nyumba inaungua. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kochi, hatua chache tu kutoka jikoni, anamfunga Tonge vifungo vya shati. Nikamwambia hunusi? Akanijibu kwamba yeye si mbwa wa polisi. Tukayala yale maharage. Yaani yeye aliyala, kwa hamu, akajiongeza. Nilimwona kama mtu anayefanya makusudi. Nyumba nzima tulimwona hivyo: kwamba anatukomoa.

Zikawa zimebaki siku chache dada asafiri, Mama akaja. Alikuja na begi kubwa tupu. Hakuna mtu aliyehitaji kuuliza la nini. Kabla hajakaa alimnyanyua Tonge, akamshusha, akamnyanyua tena, kama mtu anayekadiria kuku sokoni.

"Mkwe," akasema, "huyu mtoto limebaki jina."

"Anarefuka, mama. Watoto wanakua kwenda juu."

"Juu wapi? Mbinguni?"

Shemeji akatabasamu kwa meno tu. "Karibu chakula, mama."

"Nimekula njiani. Nilijua nakuja huku."

Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni na aproni ya kazini, vipande vya nyuzi vimemganda kwenye nywele, hajavua hata viatu. Wawili hao hawakumtazama. Mama akafungua zipu ya begi, akaifunga, akaifungua. Ile sauti ndiyo iliyomuuma shemeji kuliko maneno, nadhani, kwa sababu ndipo alipotamka jambo lake.

"Jumamosi chekechea wana matembezi," alisema. "Wanakwenda bustanini, kila familia inakuja na chakula chake. Nitapika mimi, peke yangu. Na wewe, mama, utakaa pale uwatazame wajukuu zako wakila. Wakila, unakunja begi lako unarudi nalo tupu. Wasipokula, wachukue. Sitafungua mdomo."

"Mbele za watu?" Mama aliuliza.

"Mbele za watu."

"Mnawapigia mnada watoto wangu?" dada akasema kutoka mlangoni.

Mama alikuwa tayari amempa mkwewe mkono, na walivyoshikana ungedhani kila mmoja anajaribu kuvunja kitu cha mwenzake.

Ijumaa shemeji akaomba ruhusa, akatoka gerejini mchana. Alinunua nyama nzuri, lazima niseme, na viazi na karoti, akapika wali sufuria kubwa na mchuzi wa nyama wa kutosha mtaa. Alifanya kazi kimya, makoti yake yote matatu. Alipomaliza, jua bado liko juu, na joto la wiki ile lilikuwa la kufanya mijusi itembee kwa vidole, akajaza wali kwenye hotipoti kubwa ukiwa unatoa mvuke, akamimina mchuzi unaochemka kwenye ndoo mpya, akakandamiza mfuniko mpaka ukalia. Kisha akachukua blanketi mbili akavifunga vyote pamoja kama watoto wachanga.

"Friji ipo hapo," nikasema. "Subiri vipoe, uweke."

"Wewe umewahi kuona gari likipulizwa?"

"Hii ni nyama."

"Rangi ikishapulizwa inafungiwa kwenye chumba cha joto. Inakaa na moto wake, ndiyo inashika. Ukiipoza haraka, inapasuka. Kitu chochote cha koti koti ni hivyohivyo." Akapigapiga blanketi kama anambembeleza mtu. "Kesho utakuja kuniomba mfupa."

Asubuhi dada alikuwa ameshatoka, ana zamu fupi, angetukuta bustanini. Shemeji akafungua blanketi. Mfuniko wa ndoo ulikuwa umevimba katikati. Alipouachia ukapumua, kabisa, kama mtu aliyefungiwa kabatini. Harufu ikatoka, ikasimama katikati ya jiko, ikatukabili. Juu ya mchuzi kulikuwa na vipovu vidogo vinavyopasuka kimoja kimoja.

"Shemeji," nikasema, mkono puani, "kimechacha."

Akainama juu ya ndoo. Akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, macho amefumba. Akaingiza kijiko, akalamba.

"Hakina chochote."

"Kinanuka."

"Kwako kinanuka. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mwite mwanao basi."

Akamwita. Bibi Afya akaja mbio akiwa amevaa kiatu kimoja, akafika mlangoni, akasimama pale kama aliyegonga kioo.

"Baba, kuna panya amekufa?"

Shemeji hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi, muda mrefu, na sijawahi kuchukiwa vizuri namna ile. "Umemfundisha lini?" akauliza. "Jana? Au ni bibi yake kapiga simu?"

Ukikitazama kisa kwa upande wake, hakuwa mpumbavu. Mtoto wa adui anasema chakula kimeoza. Mtoto mdogo, anayekaa na mtoto wa adui, anasema hivyohivyo. Na pua yake mwenyewe, ambayo hajawahi kuikosea heshima, inamwambia hakuna kitu. Ungeamini nani? Akafunika ndoo, akafunika hotipoti, akavibeba mwenyewe mpaka kwenye basi la shule, na hakuniruhusu hata kushika upande mmoja.

Ndani ya basi madirisha yalifunguliwa moja baada ya jingine, bila mtu kusema neno. Mzazi mmoja akaangalia soli za viatu vyake, kisha za mwanawe. Katikati ya safari dereva akasimamisha, akashuka, akachungulia chini ya gari kama aliyekanyaga kitu, akarudi anakuna kichwa. Shemeji alikaa amekumbatia ndoo mapajani, anatabasamu na watoto wa watu.

Bustani ilikuwa ya nyasi fupi, na bembea, na bwawa lenye mabata wanaojiona. Familia zikatandika mikeka. Mama akachagua kivuli, akaweka begi lake pembeni yake, safari hii zipu imeachwa wazi kabisa, hakuna kuficha. Dada akafika akitokea kazini, akakaa kwenye nyasi, akavua viatu, akanyoosha miguu iliyovimba. Kabla hajasema habari zenu, aliinua uso.

"Nini hiki?"

"Chakula," shemeji akasema, akafungua.

Sitaki kumwongezea. Nasema tu kwamba mkeka wa jirani ulihama. Haukuhamishwa, ulihama, na watu wakiwa juu yake.

Mwalimu wa chekechea alikuwa anapita familia kwa familia, anaonja kijiko kimoja kila mahali na kusifia, ndiyo desturi yake ya kuwafurahisha wazazi. Akafika kwetu na sahani mkononi, tabasamu limeshatangulia. Tabasamu likabaki, mwalimu akarudi nyuma.

"Baba Tonge, mimi nimeshiba kabisa."

"Sahani yako haina hata alama, mwalimu."

"Ndiyo. Nimeshiba tangu nyumbani."

Mama alijikongoja, akaja, akachungulia ndani ya ndoo mikono mgongoni. "Mkwe," akasema, kwa sauti ya kufika mpaka bwawani, "hiki si cha kupakua. Hiki ni cha kuchimbia."

Wakacheka. Kicheko cha wazazi ni kibaya kuliko cha watoto, kina adabu ndani yake. Baba mmoja ambaye gari lake liliwahi kupulizwa na shemeji akapaza sauti: "Kioo, leo humo umepuliza nini?" Na mimi pia nilikuwa na la kwangu, nimeliandaa tangu ndani ya basi, lakini shemeji alikuwa ameshaanza kupakua.

Alijaza sahani yake mpaka juu. Akala amesimama, amemkazia macho mama mkwe. Kijiko, kijiko, kijiko. Alitafuna bila haraka. "Kitamu," akasema. Akaongeza mchuzi. Watu wakaacha kucheka maana kuna kitu kinachotisha kumwona mtu mzima anakula vile. Tonge aliyaona yote hayo akaziba mdomo kwa mikono miwili, hataki kosa litokee.

"Wajukuu zangu hawali," Mama akasema. "Umeona mwenyewe."

"Bado sijawapakulia."

"Wapakulie."

Hapo Bibi Afya akashuka kwenye bembea. Alikuja polepole, akakaa miguuni kwa baba yake, akavuta sahani ya plastiki, akajipakulia mwenyewe wali na mchuzi. Hakukagua. Hakupasua kitu. Akabana pua kwa vidole viwili, kama anavyofanya akipewa dawa ya kikohozi, akaingiza kijiko mdomoni, akameza. Akaingiza cha pili. Machozi yalikuwa yanashuka, lakini hakutoa sauti.

"Bibi, ona," akasema kwa ile sauti ya pua iliyobanwa. "Mimi nakula."

"Mnaona?" Shemeji akageuka kwa watu wote, mikono amepanua, uso unang'aa. "Mnamwona?" Kisha akainama kumtazama mwanawe, na mikono ikashuka. "Kwa nini umebana pua?"

"Ili kiingie."

"Toa mkono."

Akautoa. Akapeleka kijiko cha tatu, koo likakataa, akatapika juu ya kiatu cha baba yake. Akajifuta na gauni, akashika kijiko tena.

"Nitakula, baba. Ngoja kidogo tu. Usinipeleke kwa bibi."

Shemeji akamnyang'anya kijiko. Alipiga magoti pale kwenye nyasi, akavuta ndoo, akaingiza uso mzima mle ndani, nikadhani anataka kunywa. Alikuwa ananusa. Alivuta mara moja, akatoa uso, akavuta tena. Alipoinuka, mchuzi umemganda kwenye kidevu, hakuwa Kioo wa mtu yeyote.

"Hamna kitu," akasema chini chini. Kisha akanigeukia mimi, katika watu wote. "Inanukaje?"

"Kama soksi iliyolowekwa kwenye maziwa."

Ndilo lile nililoliandaa. Hakuna aliyecheka.

"Tangu lini hunusi?" dada akauliza. Alikuwa bado amekaa, miguu imenyooshwa, lakini amenyooka mgongo.

"Nina mafua."

"Mafua ya lini?"

Akajifuta mchuzi kidevuni kwa kiganja.

"Jibu, maana nina swali jingine," dada akasema. "Siku ile niliyorudi nikakuta gesi imeachwa wazi, haina moto, nyumba nzima gesi, na wewe na watoto mko sebuleni mnatazama katuni. Mlango umefungwa. Nikapiga kelele, ukasema wewe jiko ulilizima vizuri. Ukasema ni huyu amechezea. Ukamchapa kandambili."

"Alikuwa ametoka jikoni. Nilimwona."

"Alikuwa ametoka jikoni kuja wapi?"

"Nilikwambia, baba," mtoto akasema. "Nilikwambia jikoni kunanuka. Ukasema niache udaku."

Nilikuwepo siku ile? Sikuwepo, nilikuwa nimezurura. Dada alikuwa hajamwambia mtu yeyote, na nilivyomtazama nikajua kwamba mpaka dakika ile alikuwa ameamini maelezo ya mumewe, na kwamba alikuwa anajilaumu kwa kuyaamini. Mama akafungua mdomo. Dada akamnyooshea kidole bila kumtazama, Mama akaufunga. Hilo nalo lilikuwa geni katika familia yetu.

Shemeji akaondoka kwenda kwenye basi. Nikamfuata kwa mbali. Alimwomba dereva kile kitambaa chenye dizeli anachofutia mikono. Dereva akampa huku akimshangaa. Akakiweka puani. Akakikandamiza. Akakizungusha usoni kama anayenawa, akakirudisha, akasema asante. Aliporudi kwenye mkeka alikuwa na alama nyeusi juu ya mdomo kama masharubu ya mwigizaji, na hakuna aliyemwambia, hata mimi.

"Mama, wachukue," akasema.

Mama hakusubiri kuambiwa mara mbili, wala hakumpoza. Akavuta begi. "Nilisema mimi," akasema. "Tangu siku ya posa nilisema."

"Hakuna anayechukua mtu," dada akasema. "Watakaa kwako kwa sababu nyumba yangu haina pua. Siku nyumba yangu ikiwa na kitu cha kunusa, wanarudi kwa baba yao, hata kama mimi sijamaliza mafunzo. Hata kama umeshawanunulia vitanda."

"Kitu gani cha kunusa? Utafuga mbwa?"

"Hata mbwa."

"Mimi nipo pale sebuleni," nikasema. "Pua yangu nzima."

"Wewe unalala mpaka saa nne," dada akasema. "Tutakufa wote, wewe wa mwisho."

Ndiyo mara ya pekee shemeji alicheka siku ile, na alicheka kwa ubaya.

Watoto wakaondoka na Mama siku ileile dada aliposafiri. Tonge aliondoka na kipande cha mkate shavuni. Bibi Afya hakulia wala hakumkumbatia baba yake; alimkagua tu kutoka kichwani mpaka miguuni kama anavyokagua sahani, kisha akapanda gari. Mchuzi ule ulimweka shemeji chooni mpaka akakonda, na nilimpelekea maji bila huruma kubwa. Alipopona akaenda hospitali. Daktari akamuuliza kazi yake, akamuuliza anajifunika na nini, akaambiwa mkono wa fulana, akashusha kalamu. Alimwambia pua huenda ikarudi na huenda isirudi, na kwamba akiendelea vile haitarudi.

Sasa anapuliza na ile barakoa ya wakaguzi. Wenzake wanamwita Rubani. Nyumbani hapiki, anachemsha tu, na kila akizima jiko ananiita nije ninuse, kisha ananichukia kwa kunusa kwangu.

"Hakuna gesi," namwambia.

"Una uhakika, Nusu Diploma?"

"Robo tatu."

"Usijione umeshinda."

"Sijashinda. Nimenusa tu."

Juzi alinitaka twende wote duka la vifaa vya umeme. Hakusema tunaenda kununua nini. Alisimama kaunta, rangi ya fedha imemkaa kwenye kucha, akamwambia muuzaji anataka kitu kinachonusa. Muuzaji akamtazama, akanitazama mimi, halafu akaelewa, akapanda ngazi akashusha boksi dogo la kijani. Ndani kuna kidude cheupe kama sahani ya kikombe. Kinabandikwa ukutani, chini, karibu na mtungi. Gesi ikivuja kinapiga kelele mpaka uamke. Shemeji akakigeuza, akakisogeza puani bila kufikiri, akakirudisha kaunta haraka kabla sijasema kitu. Akauliza kama bei inapungua. Muuzaji akasema haipungui.

Ni elfu themanini na tano, bila betri.